Unataka rimu za spoki kwa gari la babu? Jua kwanza utaishi nazo vipi

Msimu wa bonasi ya chai ukikaribia, mazungumzo ya vijana kuanzia Kericho mjini hadi Litein, Sotik na Silibwet hugeukia magari. Si Probox ya kazi. Ni ile Peugeot 504 ya babu iliyolala nyuma ya zizi tangu injini ikatae, ama ile pikapu ya Datsun 1200 ambayo mjomba aliapa hataiuza. Unaifufua, unaipiga rangi, unaishusha chini kidogo, halafu unafika kwenye swali la miguu yake. Hapo unafungua simu, unaona magari ya Los Angeles yaking'aa kama sahani za harusi, na jibu linakuja lenyewe: rimu za spoki.

Hatubishi, zinapendeza. Lakini kabla hujatuma pesa kwa mtu wa Nairobi anayekuahidi seti nzima, hebu tuongee kuhusu maisha baada ya picha ya kwanza. Msimamo wetu ni huu: rimu ya spoki ni kifaa cha kukaguliwa kwa mkono kila wiki, hasa kwenye barabara zetu. Kama huna muda wa kazi hiyo na huna fundi wa kukusaidia, baki na rimu za chuma ulizokuta kwa gari. Kama unao, weka spoki bila kuogopa maneno ya watu.

Kwanza elewa unanunua nini. Spoki ni waya mwembamba. Haiwezi kusukuma, inaweza kuvuta tu, na gurudumu lote husimama kwa sababu spoki zote zinavutana kwa nguvu iliyo karibu sawa. Wazo hili alilifikiria Mwingereza George Cayley mwaka wa 1808, na baiskeli zikalichukua, kisha magari. Jaguar E-Type iliyotoka 1961 ilikuwa na spoki 72 kwa kila gurudumu. Zidisha kwa nne upate 288. Kila moja ina kinati chake kidogo kinachoweza kulegea. MGB, iliyotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, ilikuwa na rimu za spoki 60, kwa hivyo kwake ni 240. Zile za kampuni ya Dayton ya Ohio, ambazo vijana wa Marekani wanazipenda, zipo hadi za spoki 100. Hiyo hesabu fanya wewe.

Spoki moja ikilegea hutaisikia. Jirani zake wanabeba mzigo wake kimyakimya, wiki, labda mwezi. Kisha mmojawapo anachoka na kukatika, mara nyingi pale inapopinda kuingia kwa habu. Ya pili ikifuata, rimu inaanza kuyumba, usukani unatetemeka, na wewe unadhani ni balansi ya tairi. Unaenda kubalansi. Unalipa. Inatetemeka tena.

Sasa weka gurudumu hilo kwenye barabara za kwetu. Ukitoka lami ya Kericho kuelekea Sotik na kukata kuingia kwenye mashamba ya chai, unakutana na murram yenye mawimbi madogo madogo, ile ambayo hutetemesha hadi meno. Mtetemo huo ndio adui mkubwa wa spoki kuliko hata shimo. Shimo unaliona na kulikwepa. Mawimbi yanakufuata kilomita nzima, na kila wimbi linavuta na kuachilia kila waya. Ongeza matuta ya barabarani, yale ambayo hayajapakwa rangi na unayagundua ukiwa tayari juu yake.

Halafu kuna mvua. Kericho hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Los Angeles, kule picha zako zilikotoka, hupata chini ya 400. Hii ndiyo tofauti ambayo muuzaji wa rimu hatakuambia. Tope letu jekundu linaingia katikati ya spoki, linakauka juu na kubaki na unyevu ndani, na kutu inaanzia pale kitambaa chako hakifiki. Na kuna jambo moja la huku kwetu: ukipitia kiwandani ama kwenye kituo cha chai kumbebea mama gunia la mbolea ya NPK 26:5:5, kumbuka kwamba vumbi la mbolea hiyo likilowa hula chuma. Osha gari siku hiyohiyo. Usingoje Jumamosi.

Kuosha kwenyewe si mchezo. Mashine ya maji ya kasi pale kwa car wash itaondoa tope la mbele tu, na ukiwa na bahati mbaya itasukuma maji kwenye habu na kuondoa grisi. Spoki huoshwa kwa brashi na mkono, moja moja, mbele na nyuma, halafu zinakaushwa. Ukishamaliza gurudumu la pili utaelewa kwa nini magari yalihama kwenda rimu za alumini.

Tukija kwa tairi, hapa ndipo wengi hukwama. Rimu ya kawaida ya spoki imetobolewa mashimo kote ili vinati vipite, kwa hivyo haiwezi kushika upepo peke yake. Lazima uweke tyubu, na kati ya tyubu na vinati uweke mkanda wa mpira, la sivyo vinati vitaitoboa tyubu kutoka ndani. Tairi la tubeless likichomwa msumari, mara nyingi hupoteza upepo polepole na unapata nafasi ya kufika kituoni. Tyubu inaweza kuisha upepo ghafla. Kabla hujanunua rimu, zunguka madukani uulize kama tyubu ya saizi yako inapatikana Kericho ama Bomet. Ukiambiwa "tutaagiza," basi nunua mbili za akiba kabla hujaanza safari yoyote.

Kuna pia ile nati kubwa ya katikati yenye mabawa, ile inayofanya gari lionekane la kifalme. Hugongwa kwa nyundo ya shaba ama ya mpira, si ya chuma, na huwa na siri ambayo imeumiza watu: nati za upande wa kulia na za upande wa kushoto zina uzi unaoenda pande tofauti. Zimetengenezwa hivyo makusudi, ili nati ikaze kwa kuelekea kinyume cha mzunguko wa gurudumu gari likienda mbele. Fundi asiyejua akibadilisha habu za kulia na kushoto, nati itajifungua yenyewe barabarani. Ndani yake kuna meno yanayoshikana na habu. Meno hayo yanataka grisi. Ukisikia mlio wa "tak" kila unapoanza kuondoka ama unapofunga breki, usiongeze sauti ya redio. Meno yamelika.

Kama gari lako ni Datsun ama Peugeot, halikuja na habu za aina hiyo, kwa hivyo utauziwa adapta ya kufungwa juu ya boliti za zamani. Zipo pia rimu za spoki za kufungwa kwa boliti moja kwa moja, na kwa maoni yetu hizo ndizo zinazofaa kijana wa huku. Sababu ni ya kawaida kabisa: unaweza kuzitoa na kurudisha rimu za chuma bila kumwita mtu. Siku za kupeleka majani chai ama kwenda Longisa kwenye matope, chuma. Jumapili, harusi na safari ya lami, spoki. Gari moja, seti mbili za viatu.

Lakini nani atakukazia hizo spoki? Hapa ndipo tunapotaka usome polepole.

Fundi wako hayuko Nairobi. Yuko pale stejini, chini ya mabati, kando ya bodaboda zinazongoja abiria. Ni yule anayegeuza gurudumu la Boxer ama TVS kwenye ekseli, akiweka kipande cha chaki karibu na rimu na kutazama inapogusa. Ana spana ndogo ya spoki iliyong'aa kwa kushikwa. Anagonga spoki na kusikiliza: iliyokazwa inalia, iliyolegea inatoa sauti butu kama ya mtungi wenye ufa. Ujuzi huu wa sikio na mkono hauko kwenye mashine ya kubalansi. Wengi waliujifunza kwenye baiskeli, kabla pikipiki hazijajaa. Na soko lake linapungua kila pikipiki mpya inapokuja na rimu za alumini ambazo hazina cha kukaza.

Kwa hivyo kijana mwenye gari la spoki ni mteja wa maana kwa fundi huyu. Mlipe kama fundi, si kama mtu wa kujazia upepo. Ila mwambie ukweli mmoja, kwa sababu anaweza kuwa hajawahi kuugusa: pikipiki ikikata kona hulala, na uzito unabaki kupita katikati ya gurudumu. Gari halilali. Linasukuma gurudumu kwa ubavu. Ndiyo maana rimu ya gari ina spoki nene zaidi, zilizopangwa safu mbili ama tatu, na haifai kamwe kuzibwa pengo kwa spoki iliyokatwa kutoka kwa Boxer. Kaa naye, mwonyeshe, mjifunze pamoja. Spoki zikikatika tatu, usitafute njia ya mkato. Hiyo rimu inahitaji kufumuliwa na kujengwa upya.

Wapo watakaosema tunawatisha. Watasema huku kwetu ndiko alikozaliwa Joginder Singh, Kericho, mwaka wa 1932, na kwamba mtu wa Kericho haogopi barabara mbaya. Sawa kabisa. Joginder alishinda Safari Rally mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Ule ushindi wa kwanza aliupata na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544 iliyokuwa tayari imetumika, gari ambalo halikuwa na la kujionyesha. Alikulia katika familia ya gereji na alijua kila nati ya gari lake. Ukitaka kujilinganisha naye, jilinganishe na hapo.

Na kama ndoto yako ni kuonekana, nafasi ipo. Maonyesho ya Concours d'Elegance yamekuwa yakifanyika Nairobi tangu 1970, na waamuzi wa pale hukagua gari kwa karibu sana. Watatazama nyuma ya spoki zako. Kutu haifichiki pale.

Tuna sababu nyingine ya kulisisitiza jambo hili, na si ya urembo. Tarehe 30 Juni 2023, pale makutano ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo na kuwagonga wachuuzi, abiria na magari yaliyokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki. Hatusemi hata kidogo kwamba ilihusu rimu za mtu. Tunasema kila mmoja wetu anajua jinsi barabara zetu zilivyo: akina mama wa viazi na kabeji wako hatua tatu kutoka kwa lami, watoto wa shule wanatembea ukingoni, bodaboda zimejipanga. Gurudumu likitoka kwenye mteremko, mwenye gari huenda akabaki salama ndani ya Peugeot yake nzito. Anayelipa ni yule mama. Ndiyo maana hatukubali ile lugha ya "ni gari langu, ni pesa yangu."

Pia mwambie mtu wa bima kwamba umebadilisha rimu. Kampuni isiyoambiwa inaweza kuleta maneno siku ya ajali, na hiyo si siku ya kubishana.

Kwa wazazi: bonasi ya huku magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa ikiachwa nyuma na ile ya Mlima Kenya, na tunajua hasira ya kuona pesa ya majani ikienda kwa miguu ya gari. Lakini kijana anayejifunza kujenga gurudumu ameshika kazi. Msimcheke.

Na kwa serikali za kaunti za Kericho na Bomet: Katiba ya 2010 iliwapa nyinyi vyuo vya ufundi vya vijijini. Vingi vina kozi ya umekanika. Waleteni wale mafundi wa stejini, wale wa chaki na spana ndogo, wafundishe muhula mmoja kujenga na kukaza gurudumu la spoki, la baiskeli, la pikipiki na la gari. Wapewe cheti na walipwe kwa muda wao. Vifaa vinavyohitajika vinatosha kwenye meza moja.

Wewe msomaji, ukiwa tayari unazo, leo jioni chukua penseli ama spana, inua gurudumu moja kwa jeki, lizungushe polepole na ugonge spoki moja baada ya nyingine. Weka alama ya chaki kwa kila inayotoa sauti butu. Ukipata moja au mbili, mpigie fundi kesho asubuhi. Ukipata nyingi zilizofuatana, rudisha rimu za chuma usiku huohuo na uende kazini nazo.