Tairi Siyo Kiatu cha Kwendea Disko

Wiki hii mapenzi na pamba nimeviweka kando. Tuongee kuhusu tairi.

Si unajua tena wikiendi ya Kyela inavyokuwa? Watu wakishapanga kwenda kujirusha Matema, kila mwenye gari anataka lionekane limetoka bandarini jana. Bodi inapigwa sabuni, vioo vinafutwa, halafu mwisho kabisa tairi linapakwa kitu mpaka linawaka. Sina ugomvi na usafi, hasa kwa tope la masika ya huku kwetu. Swali langu ni moja tu: hicho ulichopaka ni nini?

Maana vijiweni kuna mambo, acha tu! Yupo anayepaka oili chafu, yupo wa dizeli. Tairi linang'aa kweli, tena kwa bei ya kutupa. Lakini mpira na mafuta ya petroli haviivi chungu kimoja. Mafuta yanapenya, mpira unalainika na kuvimba, na unazeeka kabla ya siku zake.

Kwanza tuelewane, tairi halikuzaliwa jeusi. Yule mtu mnene wa Michelin, aliyeanza kuonekana kwenye matangazo mwaka 1898, ni mweupe kwa sababu matairi ya enzi hizo yalikuwa na rangi ya mpira wenyewe. Weusi ulikuja baadaye, viwanda vilipochanganya mpira na masizi maalumu ili uwe mgumu. Ndani yake huwekwa pia dawa na nta za kuukinga na hewa ya ozoni. Tairi linapozunguka, vitu hivyo hupanda juu taratibu, ndiyo maana ubavu wake hugeuka kahawia. Wewe unaona uchafu, kumbe nyingine ni kinga! Ukiisugua kila siku kwa dizeli, unalivua tairi koti lake na kuliacha juani.

Sasa ukienda dukani, usidanganywe na picha ya gari kali kwenye kopo. Dawa za tairi ziko za aina mbili kubwa. Ile iliyotengenezwa kwa maji mara nyingi ni nyeupe kama maziwa, haina harufu kali, na ikikauka haishiki mikono. Hiyo ndiyo chukua. Ile ya mafuta ya petroli huwa angavu, inanata, inanuka kama kituo cha mafuta, na kopo lake mara nyingi lina alama ya moto. Hiyo muachie mwenyewe.

Kazi yenyewe siyo ngumu. Subiri tairi lipoe. Lisugue kwa brashi na sabuni ya kuoshea magari, suuza mpaka maji yatoke safi, acha likauke kabisa. Weka dawa kidogo kwenye sponji, paka ubavuni tu, ngoja dakika chache, kisha futa inayobaki. Ukiacha imejaa, ikianza kuzunguka itarukia bodi na vumbi lote la barabarani litaganda hapo.

Ubavuni tu, nimesema! Usiguse kashata, yaani sehemu inayokanyaga lami, wala diski za breki. Hebu fikiria mteremko wa kutoka Tukuyu, mvua inanyesha, lori liko mbele, na wewe tairi umelipaka mafuta kama chapati. Wenzangu wa bodaboda ndiyo kabisa, msipake chochote. Pikipiki hulala kwenye kona, na ikilala inakanyagia pembeni kabisa mwa kashata, palepale mnapopataka ping'ae. Ikiteleza hapo, mshikaji, hakuna tairi la pili la kukuokoa.

Kuna jingine. Weusi wa kupaka ni mwongo mzuri sana sokoni. Tairi la mtumba lililozeeka, likipigwa dawa linafanana na jipya. Kabla hujatoa pesa, omba kitambaa na maji, lifute, ulikunje ubavu kidogo utazame nyufa. Kisha tafuta mstari unaoanza na herufi DOT, usome tarakimu nne za mwisho. Ikiandikwa 2319, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona upande mmoja, geuza. Muuzaji akianza kukasirika, ujue umeshapata jibu.

Mwisho, jamani, mtoni siyo sehemu ya kuoshea magari. Maji ya Kiwira na Mbaka yanaishia ziwani, na hakuna ziwa jingine duniani lenye aina nyingi za samaki kuliko hili letu la Nyasa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Oili unayoisuuza leo unaweza kukutana nayo kesho kwenye sahani ya usipa.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, tairi likiwa safi, lina kashata na upepo wa kutosha, limeshapendeza. Mrembo anayekukataa kwa sababu tairi halijawaka, huyo alikuja kupanda gari, hakukufuata wewe.

Tukutane wiki ijayo, endesha taratibu!