Demokrasia Iliyoishia Langoni mwa Shule



Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa katika Katiba, na Kenya ikarudi katika siasa za vyama vingi. Dai letu lilikuwa moja: mwenye kutawala atawale kwa ridhaa ya wanaotawaliwa, na awatolee hesabu. Dai hilo halikuhusu Bunge na Ikulu peke yake. Lilihusu kila mahali ambapo wachache wameshika mali na hatima ya wengi. Je, ni wapi panapolistahili zaidi kuliko shule ya umma?

Tukumbuke tulikotoka. Chini ya Sheria ya Elimu ya 1968, halmashauri ya elimu ya wilaya iliongozwa na mkuu wa wilaya, mtumishi wa Rais kabla hajawa mtumishi wa mtoto yeyote. Bodi za magavana za shule za sekondari ziliundwa kwa amri ya Waziri. Mzazi alikumbukwa siku ya harambee: alete mawe, alete mchanga, alete kuku wa kunadiwa. Siku ya kupanga matumizi hakualikwa.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliufuta utaratibu huo. Kifungu cha 56 kinataja wajumbe wa bodi ya usimamizi ya shule: wazazi sita waliochaguliwa, mmoja aliyependekezwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti, mwalimu mmoja aliyechaguliwa na wenzake, watatu wa mdhamini wa shule, mmoja wa makundi maalumu katika jamii, na mmoja wa watu wenye mahitaji maalumu. Hesabuni wenyewe. Hakuna kundi lenye viti vingi kuliko wazazi.

Lakini sheria hiyo ina ufa. Majina yote hupelekwa kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti ili yateuliwe, na wanachama wa bodi hiyo nao huteuliwa na Waziri. Uteuzi huo ulikusudiwa uwe muhuri juu ya uamuzi wa wazazi. Ukiachwa bila kuangaliwa, hugeuka chekecheke. Mkutano ukiitishwa ghafla siku ya gulio, majina yakasomwa kutoka kikaratasi kilichotoka mfukoni mwa mkubwa, na makofi yakahesabiwa kuwa kura, huo si uchaguzi. Walioshuhudia mlolongo wa 1988, ambapo mwenye foleni fupi aliweza kutangazwa mshindi, wanaijua sura hiyo.

Kwa mzazi wa Miasenyi jambo hili si nadharia. Magari ya Mombasa na Nairobi yanampita, na tangu 2017 treni ya reli mpya nayo inampita. Mvua kwake ni haba, na ndovu wa Tsavo hawatambui mpaka wa shamba wala njia ya shule. Mtoto akifukuzwa darasani akalete fedha, hujirudia nyumbani akipita vichakani peke yake. Kifungu cha 29 kinakataza karo ya masomo katika shule ya umma. Malipo mengine yanahitaji idhini ya Waziri, tena asiyeweza kuyalipa asizuiwe kuhudhuria shule. Na anayepokea malipo sharti atoe risiti rasmi. Ni nani wa kumlinda mtoto huyu, ikiwa wazazi sita walioko katika bodi wanamwogopa mwalimu mkuu, au ni wapambe wa mwanasiasa?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 2003, elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure, Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto. Mwishoni mwa 2009 ukaguzi ulifichua wizi wa fedha hizo wizarani; Uingereza ikasimamisha msaada wake, na Marekani ikafuata Januari 2010. Mwaka 2018 kiwango cha mwanafunzi wa sekondari ya kutwa kiliwekwa kuwa shilingi 22,244. Mzazi asiyejua ni kiasi gani kimeingia katika akaunti ya shule atajuaje kilichotoka, na kilichonunuliwa?

Watatokea wa kutuambia kwamba mzazi wa kijijini hana elimu, basi mambo haya yaachiwe wataalamu. Hoja hiyo tuliisikia zamani: kwamba Wakenya hawajakomaa kwa vyama vingi. Aliyepima mchanga wa kujengea darasa anaweza kupima bei ya madawati. Mtaalamu afundishe na ashauri. Mwenye mtoto aulize na ajibiwe.

Na kanisa je? Katika shule ambazo kanisa ni mdhamini, viti vitatu ni vyake. Kila Jumapili tunakumbushwa habari za wakili aliyeitwa na bwana wake atoe hesabu. Haifai tumhubirie wakili huyo madhabahuni, kisha tumfiche katika bodi. Anayekalia kiti cha mdhamini awasomee waumini taarifa ya shule, la sivyo kiti hicho ni pambo tu.

Kwa hiyo tunadai haya. Uchaguzi wa wazazi utangazwe mapema, na kura ihesabiwe mbele ya wote. Bodi ya Kaunti ikikataa jina lililochaguliwa, itoe sababu kwa maandishi. Mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila muhula. Palipo na kimya, mzazi aandike barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inataka ajibiwe ndani ya siku 21, na aweke nakala yake.

Sheria haitaingia langoni peke yake. Mkutano ujao wa wazazi ukiitishwa, nendeni, kaeni viti vya mbele, na muulize daftari liko wapi.