Utafiti Urejee kwa Wenyewe

Vyuo vikuu vyetu hutafiti mengi: mbegu, malaria, maji, hata mila. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, wamewachunguza wanawake wa Majengo, Nairobi, ambao baadhi yao hawakuambukizwa virusi vya UKIMWI licha ya kukabiliwa navyo mara nyingi. Mtaa ule huzungumza Kiswahili. Matokeo yamejaa katika majarida ya Kiingereza.

Wapo wadaio kuwa istilahi hazitoshi. Istilahi hukomaa kwa matumizi. Neno UKIMWI lenyewe ni ushahidi. Basi kila tasnifu iambatane na muhtasari wa Kiswahili, na wanafunzi wa Kiswahili wafunzwe kuuandika. Haifai aliyetoa damu akose kufahamu ilichofunua.