Utulivu wa Usiku Usinunuliwe kwa Hewa

Mgonjwa alalamikapo kuwa hapati usingizi, sisi watoa huduma humuuliza juu ya maumivu, mawazo na dawa anazotumia. Ni nadra kumuuliza kuna nini nje ya dirisha lake. Kwa mkazi wa Msamvu, Morogoro, penye kituo kikuu cha mabasi na njia panda ya Dodoma na Iringa, swali hilo lina uzito. Kelele za usiku huamsha homoni za msongo, zikapandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu hata pale mlalaji asipozinduka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele za mfululizo ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30.

Wapo wanaojitibu kwa kubandika trei za mayai ukutani. Trei hupunguza mwangwi wa ndani tu. Sauti itokayo nje huzuiwa na kitu kizito kisicho na upenyo. Wengine huziba madirisha kabisa, na hapo dawa huwa mbaya kuliko ugonjwa. Chumba kisichopitisha hewa hurahisisha uambukizaji wa kifua kikuu, na jiko la mkaa likiwashwa humo hutoa kaboni monoksaidi, gesi iuayo bila kunukia.

Kwa maoni yangu, kazi ianze pale ambapo hewa haitegemewi. Uwazi ulio chini ya mlango wa barabarani uzibwe, na nyufa za ukuta na za fremu zijazwe. Dari nzito isiyo na matundu iwekwe chini ya mabati. Itapunguza pia kishindo cha mvua. Kisha kitanda kihamishiwe upande usiotazama barabara. Milima ya Uluguru iko kusini mwa mji, ilhali barabara kuu ya Dar es Salaam na Dodoma hupita kaskazini. Hivyo, kwa nyumba nyingi zilizo kati ya viwili hivyo, dirisha la kuacha wazi ni lile linaloelekea mlimani, likiwa na wavu wa mbu.

Hata hivyo, besi ya spika kubwa hupenya kuta ambazo huzuia mazungumzo. Hakuna fundi wa gharama nafuu awezaye kuimaliza. Dawa yake ni kuipunguza huko itokako, iwe ni baa, ukumbi wa sherehe au nyumba ya ibada. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 zipo kwa ajili hiyo. Mwananchi aanze kwa jirani yake, aende serikali ya mtaa, kisha NEMC. Nasi, kabla ya kuandika vidonge vya usingizi, tumuulize mgonjwa analala upande gani wa nyumba.