Lambwe, Swali Ni Jeshi Lipi

UPEPO WA NYANZA
Na Peres Adhiambo Ng'ong'a

Usajili wa makurutu wa KDF, Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, ukikaribia, huku kwetu Homa Bay hakuna habari nyingine. Kutoka Mbita hadi Magunga, kuvuka bonde la Lambwe hadi Ndhiwa, na kushuka Karungu upande wa Migori, vijana huanza kukimbia alfajiri kabla jua halijakaza, akina mama huvitafuta vyeti chini ya godoro, na wazee huulizana nani ana mtu wake Nairobi. Swali moja silisikii likiulizwa: jeshi lipi? Kwetu mtu "ameingia jeshi", basi. Kama ni la nchi kavu, la wanahewa au la wanamaji, familia hujua siku akirudi likizo na sare yake.

Swali hilo lingetangulia mengine yote. Na siku ya usajili si siku ya kuliuliza, maana siku hiyo limeshajibiwa.

KDF ina milango kadhaa. Upo wa makadeti, wanaofunzwa kuwa maafisa, na huo unadai alama za juu za mtihani wa sekondari wa KCSE, tena hisabati, Kiingereza na sayansi hukaguliwa kila moja peke yake. Upo wa maafisa wataalamu, watu wenye digrii zao tayari, kama madaktari na wahandisi. Upo wa mafundi wenye vyeti vya vyuo vya kiufundi: umeme, uchomeleaji, umakanika, upishi. Halafu upo mlango mpana wa makurutu wa kawaida, unaojaza viwanja vyetu: umri miaka 18 hadi 26, urefu usiopungua mita 1.60, uzani kilo 54 na ushei kwa mvulana, 50 kwa msichana. Anayeingia kwa mlango huu anaandikwa KDF. Atapelekwa Moi Barracks, Eldoret, na nani aende wapi baada ya hapo ni uamuzi wa wakubwa.

Nimewahi kusimama pembeni mwa uwanja siku hiyo. Mbio kwanza, miguu mitupu, na wengi hubaki njiani wakihema. Waliovuka hupangwa mstari, mashati chini, na afisa hupita akitazama nyayo, magoti, makovu. Fungua mdomo. Geuka. Mwenye nyayo bapa hutolewa. Anayeendelea huandikwa namba mkononi kwa kalamu ya wino mzito, na jioni walioachwa hupanda boda boda kurudi nyumbani na namba hizo bado hazijafutika. Sikumsikia hata mmoja akiulizwa kama moyo wake uko baharini au angani.

Mpwa wangu alinijia mwaka jana. "Shangazi, naenda jeshi." Nikamuuliza lipi. "Lolote litakalonichukua." Nikamuuliza, basi wewe mwenyewe unapenda kazi gani? Akanyamaza kidogo, kisha akasema injini. Na ni kweli. Tangu akiwa mdogo, boti ya omena ikizimika ufuoni wavuvi humwita yeye, na nimemwona kwa macho yangu akichomoa plagi, akiipangusa kwa pindo la shati lake, akinusa mafuta yake na kusema kosa liko wapi kabla hajashika spana. Nikamwambia: mwanangu, mbona unapanga foleni ya wenye miguu, na wewe umepewa mikono?

Jeshi la nchi kavu ndilo kubwa kuliko yote matatu, na vijana wengi wa mlango mpana huishia huko. Mzazi asidanganywe kuhusu maana yake. Askari wa miguu ndio waliovuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011. Ndio waliokuwa katika kambi ya El Adde iliposhambuliwa na al-Shabaab asubuhi ya tarehe 15 Januari 2016, na katika ile ya Kulbiyow tarehe 27 Januari mwaka uliofuata. Baada ya El Adde zilipita siku, miezi, miaka, na serikali haikutusomea hesabu ya waliokufa; kila familia ilizika wake bila kujua ni wangapi wengine wanaolia. Hilo bado linaniuma. Anayechagua bunduki ya askari wa miguu anachagua jambo la heshima kuu, lakini alichague macho yakiwa wazi. Tena ajue kwamba ndani ya jeshi hilo hilo kuna mizinga, vifaru, mawasiliano, matibabu, na wahandisi walioshiriki kufufua reli ya zamani ya Nairobi hadi Nanyuki mwaka 2020. Mwenye ufundi wake huwa na mahali pa kuelekezwa. Asiye nao hupelekwa panapohitaji watu.

Kuhusu wanahewa, niruhusuni nikae kidogo, kwa sababu hapa Nyanza tuna donda la zamani.

Wazee wa Lambwe wanazikumbuka ndege za mwaka 1981, zilizopita chini chini juu ya bonde zikimwaga dawa ya kuua mbung'o, wakati malale ilikuwa imewashika watu na mifugo inakwisha. Zilikuwa ndege za msaada. Mwaka uliofuata, alfajiri ya Jumapili tarehe 1 Agosti, sauti ya ndege ikawa kitu kingine masikioni mwetu. Askari wa vyeo vya chini wa jeshi la wanahewa, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, kijana Mjaluo wa huku Nyanza, walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Jaribio lilizimwa siku ile ile. Jeshi zima la wanahewa likavunjwa, mamia ya askari wake wakafungwa, na kilichosalia kikapewa jina la '82 Air Force chini ya mkono wa jeshi la nchi kavu. Jina lake halikurudi hadi 1994. Ochuka alikimbilia Tanzania, akarudishwa, akanyongwa Kamiti mwaka 1987.

Waliokuwa wazazi wakati huo walitoka hapo na somo moja: mtoto aende kokote, ila si kwa ndege. Nyumbani kwetu nililisikia likisemwa wazi, tena kwa sauti ya chini, kama mtu anavyotaja ugonjwa wa ukoo. Wapo waliofungwa ambao hawakujua lolote siku ile zaidi ya kwamba walikuwa zamu. Jina la Kiluo katika orodha ya wanahewa likawa mzigo. Siwalaumu wazazi wale hata kidogo.

Lakini Aprili 1984, miaka miwili haijatimia, kijana wa Alego, Siaya, aliyeitwa Francis Omondi Ogolla aliingia jeshini. Mei 1985 alipopata uluteni wa pili akapelekwa huko huko kwa wanahewa, jeshi lisilo na jina lake, ambako kila mwenzake alikuwa akitazamwa kwa jicho la shaka. Akafunzwa urubani wa ndege za kivita na jeshi la anga la Marekani, akawa mwalimu wa marubani, akasomea hata uchunguzi wa ajali za ndege. Mwaka 2018 akawa kamanda wa jeshi hilo, na Aprili 2023 akawa Mkuu wa Majeshi yote ya Kenya. Tarehe 18 Aprili 2024 helikopta iliyombeba ilianguka Elgeyo Marakwet, akafa pamoja na wenzake 9. Alikuwa ametoka kukagua usalama kule ambako ujambazi ulikuwa umefunga shule. Siku ya tatu alizikwa kwao bila jeneza, kama alivyousia.

Namtaja kwa kirefu kwa sababu ninaona tumemlilia bila kumsoma. Sisemi kwamba ubaguzi haukuwepo. Ulikuwepo, na kuna waliobanwa mpaka wakastaafu na vyeo vile vile. Ninachosema ni kwamba katika miaka mibaya kuliko yote ya kuwa Mjaluo katika jeshi la wanahewa, kijana alibeba kitu ambacho shaka ya wakubwa haikuweza kumnyang'anya: aliweza kurusha ndege. Na si marubani tu wanaohitajika. Ndege moja hairuki bila kundi zima la mafundi wa injini, wa umeme, wa rada, na watu wa hali ya hewa. Hao huandaliwa darasani miaka mingi kabla ya tangazo kutoka.

Wasichana wa Lambwe nao wasikie hili. Hadi 1999 wanajeshi wa kike waliwekwa katika kikosi chao cha peke yao, Women's Service Corps. Fatuma Ahmed aliingia jeshini mwaka 1983, wakati wa mpangilio ule. Mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza Kenya kufika cheo cha meja jenerali, na Mei 2024 akapewa ukamanda wa jeshi la wanahewa. Mzazi anayemwambia bintiye kwamba fizikia ni ya wavulana anamfungia mlango ulioachwa wazi na mwanamke mwenzake.

Sasa wanamaji. Hapa ndipo ninaposhangaa zaidi, kwa kuwa sisi ni watu wa ziwa. Mtoto wa Sori au Rusinga anajua upepo unavyogeuka jioni, anajua kamba, anajua boti inapoanza kula maji, na bado hajawahi kuambiwa kwamba lipo jeshi zima linaloishi kwa maarifa hayo. Sababu moja ni umbali: kambi kuu ya wanamaji iko Mtongwe, Mombasa, na meli zake za kivita ziko bahari ya Hindi. Wanamaji ndio waliofikisha vikosi ufuoni Kismayo, Somalia, Septemba 2012. Ni jeshi dogo, lakini katika Wakuu wa Majeshi wanne wa karibuni, wawili walitoka humo: Jenerali Samson Mwathethe, aliyeshika kazi kutoka 2015 hadi 2020, na Jenerali Charles Kahariri, aliyemrithi Ogolla.

Hata ziwa letu limewahi kuona meli za vita. Mwaka 1914 Wajerumani walifika Karungu, na meli zao na za Waingereza zikasakana kwenye maji haya haya. Leo wavuvi wetu wanaotega karibu na kisiwa cha Migingo wanalalamika mwaka baada ya mwaka kwamba wanakamatwa na kunyang'anywa samaki na mashine na askari wa Uganda. Wa kuwalinda ni Kenya Coast Guard Service, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, ambayo si sehemu ya KDF, na kijana anayetamani kulinda ziwa alikozaliwa aijue tofauti hiyo kabla hajasafiri kwenda Eldoret. Na Kisumu, karibu nasi kuliko Nairobi, ipo Kenya Shipyards Limited, kampuni ya serikali chini ya Wizara ya Ulinzi, ndiyo iliyounda MV Uhuru II. Meli ile iliunganishwa kwa mikono ya wachomeleaji. Wangapi walitoka Homa Bay? Sijasikia kiongozi wetu hata mmoja akiuliza.

Badala yake tunauza ng'ombe. Usajili wa KDF ni bure, wanatangaza hivyo kila mwaka, na kila mwaka kuna familia inayompa mtu laki kadhaa kwa barua ya kuitwa ambayo ni ya bandia. Kijana anasafiri na sanduku lake la bati hadi lango la kambi Eldoret, na hapo anakamatwa. Fedha hizo zingemlipia chuo cha kiufundi hadi amalize, na zingebaki. Hatari mpya ni mbaya zaidi: mawakala wanaoahidi kazi ng'ambo. Novemba 2025 serikali yenyewe ilikiri kwamba zaidi ya Wakenya 200 huenda wameingizwa katika jeshi la Urusi kupigana Ukraine. Vijana walioachwa uwanjani, wenye afya, wenye hamu ya sare na wasio na cheti cha ufundi, ndio wanaotafutwa na watu hao.

Kwa hiyo nawaomba wakubwa wa KDF, na nasema kwa heshima zote: msije Homa Bay na Migori siku ya usajili pekee. Tumeni fundi wa ndege, baharia na mhandisi shuleni mwaka mzima kabla, wakakutane na watoto wa Gredi ya 9 wanaochagua mkondo wa sekondari ya juu. Wanafunzi wa kwanza wa mfumo mpya wa elimu walishaingia Gredi ya 10 Januari 2026. Walioacha sayansi kwa sababu hakuna aliyewaeleza ni vigumu kurudi nyuma. Wabunge wetu nao, ambao kila msimu wa usajili hupigania idadi ya nafasi za eneo bunge, wapiganie pia maabara za fizikia na walimu wa hisabati katika shule za kutwa za Lambwe, na karo za vyuo vya kiufundi kutoka hazina ya basari.

Mpwa wangu hakwenda uwanjani. Anasoma umakanika wa injini, muhula wa pili sasa, na mlango wa mafundi utakapofunguliwa ataomba akiwa na cheti mkononi. Amesema chaguo lake la kwanza ni wanamaji. Karo ya muhula wa tatu bado tunaichanga, na mama yake ameniambia ng'ombe mmoja ataondoka Jumatano, siku ya mnada.