Mtoto Amefaulu, Sasa Tutamfikishaje Huye?

Tumechoka kupongezwa halafu tuachwe peke yetu. Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, sisi wazazi wa wilaya ya Rusizi, Rwanda, husifiwa mikutanoni kwamba tumelea vizuri na kwamba watoto wetu wanaweza. Mkutano ukiisha, baba wa mtoto aliyefaulu anaanza kupita nyumba kwa nyumba akiuliza nani anaweza kumkopesha. Kijana amepata nafasi chuo kikuu kule Huye, na mfukoni hakuna hata nauli ya kumfikisha huko.

Hatukatai mema yaliyofanyika. Elimu ya miaka 9 ilipoanza 2009, na ile ya miaka 12 ikafuata 2012, sekondari zilisogea karibu na watu ambao zamani walizisikia tu. Septemba 2022 Wizara ya Elimu ikaweka kikomo cha ada: faranga 19,500 kwa muhula kwa mwanafunzi wa kutwa wa sekondari, na 85,000 kwa wa bweni. Tulishukuru, na bado tunashukuru. Lakini piga hesabu nasi. Mtoto mmoja wa bweni ni faranga 255,000 kwa mwaka, kabla ya godoro, sare, madaftari, sabuni na nauli. Nyumba nyingi zina watoto watatu au wanne wanaosoma kwa wakati mmoja.

Na fedha hizo zinatoka wapi? Sisi wa bonde la Bugarama tunategemea mpunga. Mwaka 2024 tulivuna, wanunuzi wasionekane, mpunga ukalundikana nje hadi Rais mwenyewe akalizungumzia jambo hilo mwezi wa Agosti. Ni baada ya hapo ndipo ukatafutiwa soko. Wenzetu wa kisiwa cha Nkombo na wa ufukweni wanategemea samaki wadogo waitwao sambaza, lakini uvuvi wa Ziwa Kivu husimamishwa karibu miezi miwili kila mwaka ili samaki wazaliane. Tunajua sababu yake na tunaiheshimu. Shida ni kwamba tangu mwaka wa masomo uhamie Septemba, likizo ya nyavu na ada ya muhula wa kwanza hukutana mlangoni. Akina mama wa mji wa Kamembe wanategemea kuvuka mpaka kwenda Bukavu, Kongo, na vikapu vya mboga na maziwa. Mipaka ilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Februari 2025 vita vikafika Bukavu, biashara ikayumba tena. Kila mara jambo kama hilo linapotokea, kuna mtoto anayerudishwa nyumbani kufuata ada.

Viongozi, mnatuambia tuuze mali. Ng'ombe wa Girinka, mpango wa serikali wa kugawa ng'ombe, hauzwi ovyo, na ndama jike wake wa kwanza ni haki ya jirani. Shamba lenyewe limegawanywa baina ya ndugu mpaka halitoshi kulisha nyumba. Tunachanga kwa zamu katika vikundi vya akiba vya ikimina, lakini zamu ya mtu haingojei tarehe ya kujiandikisha chuoni.

Halafu kuna buruse ya chuo. Wapo kati yetu ambao hawatasahau mwaka 2013, msaada wa masomo ulipofungamanishwa na makundi ya Ubudehe, yanayopanga kaya kwa hali yake ya maisha. Mtu alikuwa na nyumba ya bati na mbuzi wawili, akawekwa kundi la wanaojiweza, na mwanawe akaambiwa baba yako atalipa. Alipe kwa fedha gani? Utaratibu huo umeachwa, lakini vijana walioangukia katikati hawakurudiwa na mtu. Leo wengine wao wanabeba saruji na kuendesha pikipiki, na vyeti vyao vizuri viko sandukuni.

Anayepata mkopo wa masomo naye hajavuka. Kwa miaka mingi posho ya kujikimu ilikuwa faranga 25,000 kwa mwezi. Imepandishwa, na bei ya maharage, mkaa na chumba cha kupanga imepanda pia. Posho ikichelewa, mtoto wa mjini anarudi kula kwao. Wetu yuko ng'ambo ya msitu wa Nyungwe, kwa hiyo anapiga simu, na mama anakopa dukani ili amtumie faranga elfu tano. Wiki za kwanza ndizo mbaya zaidi: masomo yameanza, chumba kinataka malipo, na fedha bado hazijafika. Hapo ndipo wengi hurudi wakisema wameahirisha mwaka. Tunajua maana ya neno hilo, kwa sababu baadhi yao hawakurudi tena.

Linalotuuma zaidi ni kwamba hapa hapa Rusizi palikuwa na tawi la Chuo Kikuu cha Rwanda. Mtoto aliweza kulala kwao, akala chakula cha nyumbani, akaenda darasani. Vyumba vilipangishwa, migahawa ikauza, vijana wakapata kazi ndogondogo. Tawi lilifungwa. Sasa ni Huye, Kigali au kwingine mbali, na Kigali kwa basi ni safari ya saa nyingi. Chuo cha Kibogora kipo wilaya jirani ya Nyamasheke, lakini ni cha binafsi na ada yake haimfai mkulima. Bukavu yenye vyuo vyake tunaiona kwa macho, lakini nani atampeleka mwanawe huko kwa hali ilivyo?

Hatuombi watoto wetu wapewe alama wasizostahili. Mtihani wanaufanya sawa na wenzao wa Kigali, tena baadhi yao wakisomea taa ya simu baada ya kuchota maji. Tunachoomba kinaweza kutekelezwa. Posho ya kwanza ifike kabla masomo hayajaanza. Kila sekta ya wilaya yetu iwe na mkopo mdogo wa dharura kwa mtoto aliyepata nafasi, wa nauli, chumba na chakula cha mwezi wa kwanza, aurudishe posho yake ikiingia. Na tawi la chuo kikuu lirudishwe Rusizi, hata likianza na fani mbili zinazohusu maisha yetu: kilimo na biashara ya mpakani.

Viongozi mliochaguliwa kwa kura zetu, safari nyingine mkija kutupongeza, njooni na majibu ya mambo haya matatu.