Heshima ya Aliyeshindwa

Tusomapo historia, wengi wetu hupenda kukumbuka majina ya walioshinda. Mimi kwa maoni yangu naona kuwa imetupasa kuwakumbuka pia wale walioshindwa wakakubali, maana wazee wamesema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Mfano wangu ni nchi ya Ayalandi katika mwaka 1932.

Ayalandi ilitawaliwa na Waingereza kwa karne nyingi. Desemba 1921 mapatano yalitiwa sahihi mjini London, na sehemu kubwa ya nchi ikapata kujitawala, ila wabunge walitakiwa kuapa kuwa waaminifu kwa Mfalme wa Uingereza. Jambo hilo liliwafarakanisha ndugu. Bunge liliyakubali mapatano kwa kura 64 dhidi ya 57, na Juni 1922 watu waliokuwa wakipigana bega kwa bega wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe. Vita hivyo viliendelea hata Mei 1923. Serikali ya W. T. Cosgrave iliwaua kwa risasi wafungwa zaidi ya 70. Wapinzani nao waliichoma moto nyumba ya Cosgrave mwenyewe. Éamon de Valera, kiongozi wa waliokataa mapatano, alitiwa gerezani karibu mwaka mzima.

Sasa fikiri, ewe msomaji. Haikupita hata miaka 10, na tarehe 16 Februari 1932 watu hao hao walikutana tena, safari hii penye masanduku ya kura. Chama cha de Valera, Fianna Fáil, kilipata viti 72, na chama cha Cosgrave kilipata 57. Jeshi, polisi na hazina vilikuwa bado mikononi mwa Cosgrave, na wako waliodhani kwamba hatatoka. Yasemekana kuwa baadhi ya wabunge wa Fianna Fáil waliingia Bungeni tarehe 9 Machi wakiwa na bastola mifukoni. Bastola hizo hazikutumika. Kura zilipigwa, 81 kwa 68, de Valera akawa mkuu wa serikali, naye Cosgrave akaenda kukaa upande wa upinzani.

Tena Waziri wa Ulinzi katika serikali mpya alikuwa Frank Aiken, ambaye mwaka 1923 alikuwa mkuu wa wapiganaji waliokataa mapatano. Jeshi lile lile lililompiga vita sasa likawa chini yake, nalo likatii.

Wenzangu wengine darasani hubisha wakisema, "Sifa gani hiyo? Cosgrave alitenda wajibu wake tu." Nawajibu kwamba wajibu ni mwepesi kuutaja, lakini ni mzito kuutenda. Siku zile Italia ilikuwa chini ya Mussolini tangu 1922, na Januari 1933 Hitler alishika madaraka katika Ujerumani. Cosgrave alikabidhi nchi kwa watu ambao wenzao walimchomea nyumba, na hakuna aliyemshika mkono kumlazimisha.

Wala sisemi kwamba yaliyofuata yalikuwa asali tupu. Mwaka huo huo de Valera alikataa kuwalipa Waingereza fedha za madeni ya mashamba. Mwezi wa Julai Uingereza ikatoza ushuru wa asilimia 20 juu ya bidhaa za Ayalandi, na wafugaji wa ng'ombe wakaumia sana. Ugomvi huo haukwisha mpaka 1938. Cosgrave aliiona siasa hiyo kuwa ni hasara kwa nchi, akaipinga kwa maneno Bungeni, si kwa bunduki. Hapo ndipo nionapo ukubwa wake. Kukabidhi madaraka siku moja ni jambo kubwa, lakini kukaa miaka ukimwona mwenzako akitenda usilolipenda, nawe ukabaki katika sheria, ni kubwa zaidi.

Sisi wanafunzi huchagua viranja kila mwaka, na kila mwaka wako wanaokosa. Huwapigia makofi washindi, nasi twafanya vema. Lakini yule aliyekosa kura, kisha kesho yake akashika ufagio pamoja na wenzake kwa amri ya kiranja mpya, naye astahili makofi. Nawaomba walimu wetu, watufundishapo habari za de Valera, watufundishe na za Cosgrave.